Uwanja wa Netiboli Ndani ya Kopo

Tarehe tatu Oktoba mwaka 2023, siku ya Jumanne, nilimpoteza mke wangu. Siku iliyofuata, kabla watu hawajamaliza kunawa mikono waliporudi kutoka makaburini, nikapoteza na kopo lake la mkaa.

Mke alichukuliwa na presha. Kopo lilichukuliwa na binamu yake, mtoto wa shangazi yake, na huyo alikuwa na haki ya kulichukua. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Siku ya msiba wengine wanalia, na yeye kazi yake ni kukiharibu kilio. Alifika asubuhi kwa pikipiki kutoka Nyakahura, akaingia ndani bila hodi, akatoka amejifunga kitenge cha marehemu na kilemba chake, akaanza kuwagombeza wapishi kwa sauti yake hasa: "Nani kaweka sufuria yangu kwenye udongo? Nimekufa jana tu na tayari mmekuwa wachafu!" Mashangazi waliokuwa wanagaagaa chini wakaketi, wakafuta macho, wakacheka. Makaburini alishuka mwenyewe shimoni, akajinyoosha, akatangaza kwamba shimo ni fupi, kwamba marehemu alikuwa na miguu mirefu ya kukimbilia umbea. Hakutoka mpaka alipopewa soda, tena akachagua rangi.

Mtani akichukua kitu hukasiriki. Ukikasirika, umejiaibisha, na kitu kitakaa kwake mpaka akili ikurudie. Unamwendea kwa upole, unakikomboa. Hivyo nilipoona kibao cha jikoni kitupu, mahali lilipokuwa kopo, nilikaa kwenye kigoda nikaanza kuhesabu nitalikomboa kwa nini.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, kubwa, limeshika kutu mdomoni, na ndani mlikuwa na mkaa wa magunzi ya mahindi. Mtu wa mbali atajiuliza mkaa wa kujaa kopo unaliliwa nini, wakati kijijini kwetu Kasulo kila nyumba ina jiko. Naeleza.

Maji tunayochota bondeni wakati wa mvua yana rangi ya chai ya maziwa na harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Kulikuwa na mafunzo ya akina mama ambako mke wangu alionyeshwa kuchuja maji kwa ndoo yenye kokoto, mchanga na mkaa uliopondwa. Wenzake walirudi wakatia mkaa wowote uliokuwa jikoni. Yeye akasema mkaa na mkaa haulingani, akaanza mambo yake. Aliloweka magunzi siku tatu katika maji ya majivu ya maganda ya ndizi, akayaanika, akayajaza kwenye pipa, akaziba mfuniko kwa udongo na kuacha kitundu kimoja. Moto ulipokolea alifanya jambo lililonikera kuliko yote: alimimina maji kwa kile kitundu, kikombe kwa kikombe, pipa likinguruma na kufuka mvuke.

"Unauua mkaa," nilimwambia.

"Naufungua," akajibu.

Mkaa uliotoka ulikuwa mwepesi, unavunjika ukiutazama vibaya. Haukuweza kuivisha hata yai. Lakini maji ya ndoo yake yalikuwa meupe na hayakunuka mbuzi. Mimi nilisema hiyo ni kazi ya mchanga.

Zahanati yetu nayo ilitaka kujenga chujio kubwa la matangi mawili, na kamati ikaitisha mkutano kuamua mkaa utoke wapi. Binamu ndiye aliyependekezwa. Anachoma mkaa wa miti kwa kibali, anauuza kwa magunia kando ya barabara Nyakahura, na ni mkaa mzuri kweli: ukigonga kipande kimoja kwa kingine unalia kama kengele. Mke wangu akasimama na kopo lake. Akasema mkaa wake ni bora kwa maji kwa sababu ndani una vyumba vingi, uchafu ukipita unaingia chumbani unalala.

Mwenyekiti wa kamati akamuuliza, "Mama, na vitanda vimo?"

Watu walicheka mpaka benchi likasogea. Nami nilicheka. Lazima niliandike hili kama lilivyokuwa: nilicheka kuliko wengi, maana nilikaa mbele na nilitaka mwenyekiti aone kwamba simo kwenye mambo yale. Mke wangu alinitazama mara moja, akaketi. Siku mbili alipika bila chumvi, nikala.

Aliyebaki bila kucheka ni mtu mmoja tu, mwalimu wa sayansi wa sekondari, binti mgeni kwetu, kwao ni upande wa Moshi. Alikuwa anajiendeleza katika chuo kikuu cha mbali. Alimfuata mke wangu nje akamwambia kwamba chuoni kwao kuna mashine inayopima vyumba hivyo hivyo, na kwamba Oktoba akienda atachukua kijiko cha mkaa wa magunzi na kijiko cha mkaa wa miti, mashine iamue. Kamati ikakubali kusubiri. Mke wangu akaweka kando kopo moja kutoka uchomaji wake wa mwisho, akakataza mtu asiliguse. Mkaa mwingine ulishaishia kwenye ndoo za majirani.

Basi akafa kabla ya kijiko kuchotwa. Watu waliniona kwenye kigoda wakadhani nawaza kaburi. Nilikuwa nawaza kopo. Nilitaka kujua kama mtu niliyemcheka mbele ya watu alikuwa amesema kweli. Hakukuwa na njia nyingine ya kujua, na njia hiyo ilikuwa imefungwa kwenye kitenge cha mtani.

Siku ya kuanua tanga nilimwendea. Bado alikuwa amevaa kilemba.

"Shikamoo shemeji," akaniambia. Tunalingana umri, alitaka kunizeesha tu.

"Marahaba. Naomba kopo."

"Kopo lipi? Mimi nimerithi."

"Hukurithi, umeiba."

"Mtani haibi, shemeji. Mtani anahamisha."

"Haya, unataka nini?"

"Ng'ombe."

"Sina ng'ombe, unajua."

"Basi mbuzi mweupe asiye na doa, na asiwe anapiga kelele."

"Jogoo."

"Jogoo na kasoro." Akageukia watu, akapaza sauti. "Mfiwa ataje kasoro moja ya marehemu, iliyo ya kweli. Akidanganya, kopo linalala Nyakahura!"

Nilifikiri. Ndoa ya miaka thelathini na moja haiwezi kukosa kasoro, lakini siku ile zote zilijificha. Mwishowe nikasema, "Alikuwa anatia chumvi mara mbili. Hakumwamini aliyetia mara ya kwanza, na aliyetia mara ya kwanza alikuwa yeye."

Shangazi mmoja alipiga magoti kwa kicheko. Nami nikacheka, halafu kicheko kikanigeukia katikati, nikaenda nyuma ya nyumba kwa muda kidogo. Niliporudi kopo lilikuwa juu ya kigoda changu. Nikalifungua. Lilijaa unga mweusi, laini kama pilipili manga iliyosagwa.

"Nimekupondea kabisa," mtani akasema. "Mwalimu si alitaka uliopondwa? Nimekuonea huruma, shemeji, usije ukajichosha na kinu."

Nikamshukuru. Nakumbuka nilimshukuru mara mbili.

Mwalimu alikuja alasiri ileile, akatoa pole, akanawa, akatoa vifuko viwili vya nailoni vyenye mdomo wa kubana. Kutoka kwenye kopo alichota kijiko kimoja, akaandika kwenye kifuko MAGUNZI. Binamu akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, nayo ina unga mweusi wa mkaa wake. Mwalimu akauingiza kwenye kifuko cha pili, akaandika MITI. Waombolezaji wakamzunguka kutaka kujua mashine inafanyaje.

"Tunapima eneo," akasema. "Ukubwa wa kuta zote zilizomo ndani ya mkaa."

"Kwa futi gani hiyo inayoingia ndani ya punje?" akauliza mzee mmoja.

"Kwa gesi, babu. Hewa tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Tunaitumia hiyo."

Akaeleza pole pole. Kwanza mkaa unapashwa moto ndani ya kichupa na kunyonywa kila kitu kilichomo, unyevu na hewa ya zamani.

"Yaani unafukuza wapangaji," mtani akadakia.

"Ndiyo, kaka. Halafu kichupa kinazamishwa kwenye naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Ni baridi kuliko barafu mara nyingi sana."

"Kama kule mlimani Mugoma mwezi wa saba."

"Inazidi. Kwenye baridi hiyo naitrojeni ikiguswa na ukuta inaganda hapo, inakaa. Sasa tunaingiza gesi kidogo kidogo, tunajua tumeingiza kiasi gani, na mashine inasoma iliyobaki ikielea ni kiasi gani. Ile iliyopungua ndiyo imekaa kwenye kuta."

Wazee walitazamana. Mwalimu akaangalia kushoto na kulia, akaona mikeka ya msiba iliyojaa watu.

"Tuseme hamna futi na mnataka kujua mikeka hii ina ukubwa gani. Mnajua mtu mmoja akikaa anachukua nafasi gani. Wakaribisheni watu, wakae mmoja mmoja mpaka mikeka ijae, halafu wahesabuni. Mmepima mikeka."

"Na wale wanaopakatana?" akauliza shangazi aliyekuwa na mjukuu mapajani. "Msibani watu wanapakatana."

Mwalimu akafurahi sana. "Mama, umeuliza swali la chuo kikuu! Gesi nayo inapakatana, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana kuna hesabu maalumu ya kuwatoa waliopakatwa ili wabaki waliogusa mkeka wenyewe."

Shangazi yule tangu siku hiyo anajiita profesa, na sioni wa kumkatalia.

Mwalimu akasema mkaa mzuri wa kuchujia, wenye uzito wa mfuniko wa kalamu ya wino, unaweza kuwa na kuta za kuenea uwanja mzima. Hapo utulivu ukaisha. Mzee mmoja akataka kujua kama uwanja huo una hati. Mtani akasema akipewa kijiko kizima atakata viwanja, awauzie Wahaya. Mwalimu alivitia vifuko vyake kwenye begi, akaondoka akitabasamu.

Nilimlipa mtani jogoo wake. Alikuwa jogoo mkorofi, nilimchagua makusudi.

Majibu yalikuja katikati ya Desemba, shule zimefungwa. Tulikaa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wajumbe wa kamati, muuguzi, na watu wengi ambao hawakuwa na kazi asubuhi ile. Binamu alikuja amevaa shati jeupe. Mwalimu akafungua daftari.

"Nimepima kila mkaa mara mbili," akasema. "Kwa uzito uleule wa mfuniko wa kalamu, mkaa mmoja una kuta zinazotosha sakafu ya darasa moja la shule yetu ya msingi. Mwingine kuta zake zinatosha uwanja wa netiboli."

Watu wakaguna. Mimi moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

"Wa darasa ni wa magunzi," akasema. "Wa uwanja ni wa miti."

Watu wakapiga makofi. Mtu nyuma yangu akampiga binamu begani, akamwambia, "Mwenye uwanja!" Nilimtazama binamu nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona: mdomo wake umefunguka na hakuna neno linalotoka.

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. "Marehemu mke wangu alisema mkaa wake ni bora," nikasema. "Mashine imesema alikosea. Basi alikosea. Kamati ichukue mkaa wa miti, na tusibishane tena." Nikaketi. Lilikuwa jambo la haki na lilinichoma kama pilipili jichoni. Mwenyekiti akanishukuru kwa ukweli wangu, akafunga mkutano haraka, akaondoka, na wajumbe wanne wakaondoka pamoja naye.

Ndipo binamu akapata sauti.

"Jamani, hapana. Ule wa uwanja ni wa dada. Nilibadilisha."

Waliobaki wakacheka.

"Nasema kweli! Nilipochukua kopo nilimwaga mkaa wake kwenye kiroba, nikaponda mkaa wangu nikaujaza kopo. Wa kwake nikaponda kidogo nikautia kwenye karatasi. Mwalimu kaandika kinyume!"

Wakacheka zaidi. Akavua kofia ili aonekane mtu wa maana, na hapo ndipo walipopasuka. "Mtani huyo!" "Kaa chini, tumekuelewa, unamfariji mfiwa!" Kila alivyoapa, kicheko kilipanda. Akaapa kwa mama yake. Mtu akamkumbusha kwamba mwezi uliopita aliapa kwa mama huyohuyo kwamba ameona twiga anavuka barabara na mzigo.

Ambaye hakucheka ni mwalimu. "Kaka, umeichezea sampuli yangu?"

"Sikuichezea, mwalimu. Niliihamisha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka majibu yakija niseme ukweli, nidai jogoo wa pili." Akanigeukia. "Sikujua mashine itatofautisha hivyo, shemeji. Mimi niliona mkaa ni mkaa. Nilijua yatakuja sawasawa, tucheke, yaishe."

Nami sikumwamini. Nilimjua tangu harusi yangu, alipoficha viatu vyangu vyote viwili nikaingia kanisani na ndala. Nilimwambia, "Shemeji, acha. Usinifariji kwa uongo. Nikitaka uongo ninao wangu nyumbani."

Akanishika mkono. "Maisha yangu yote nimedanganya mkanipa majogoo. Leo nasema kweli, na wewe mwenyewe unaninyima sikio."

"Kiroba kiko wapi?" mwalimu akauliza.

"Juu ya dari ya jiko langu."

"Kalete."

Alipanda pikipiki. Nyakahura si hapo mlangoni, na watu waliobaki walikaa kumsubiri, muuguzi akachemsha chai, kwa sababu utani ambao haujafika mwisho ni vigumu kuuacha. Alirudi jua limeshapinda, shati jeupe limekuwa la rangi ya barabara. Akamwaga kiroba juu ya gazeti, mbele ya mwalimu.

Yalikuwa magunzi. Mengi yalikuwa yamevunjika vipande, machache yamebaki mazima. Safu za vishimo vya punje zilionekana wazi, nyeusi, nzuri. Mti hauna vishimo vile. Lakini mhazini wa kamati alikuwa mtu makini. "Magunzi yapo kila jiko," akasema. "Hata mimi naweza kuyachoma usiku mmoja nikayaita ya fulani."

Alisema sawa. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Mwalimu akaanza kupekua lundo kwa kalamu yake. Chini kabisa kulikuwa na magunzi manne yaliyotungwa pamoja kama mishikaki kwenye chuma chembamba, kimepindwa ncha ili kienee kopo. Bila shaka marehemu alikuwa anakivuta pipani kuangalia kama mkaa umeiva.

Nilikichukua. Nilisugua ncha ya pili kwa kidole, masizi yakatoka, nikaona kichwa cha chuma kimekaa upande.

Ilikuwa spoku yangu. Spoku ya gurudumu la nyuma la baiskeli. Ya awali ilikatika, nikapata chuma cha spoku ya pikipiki, nikakikata, nikakipiga kichwa mwenyewe kwa nyundo, kikakaa upande kwa sababu mimi si fundi. Hakuna spoku nyingine duniani yenye kichwa kibaya namna ile. Ilipotea mwanzo wa mwaka. Niliitafuta wiki nzima, na mke wangu akanisaidia kuitafuta. Aliinama mpaka uvunguni mwa kitanda na tochi. Alikunja mkeka, alitikisa viroba vya maharage. Mwishowe akaketi, akahema, akaniambia nimuulize binamu yake, maana katika ukoo wao huyo ndiye mwenye mkono mrefu.

Nami nikamuuliza. Binamu akakana mpaka machozi, na sikumwamini hiyo nayo.

"Hii ni yangu," nikasema. Nikaiinua juu waione. "Hii ni spoku yangu. Mke wangu aliniibia."

Binamu aliitazama, akaitambua. "Mwizi!" akapiga kelele, akimwelekezea kidole marehemu huko aliko. "Na ukaja kwangu! Ukanipekulia mpaka banda la kuku!"

"Alinituma yeye."

"Mnanidai nini tena katika nyumba ile? Dada ameiba, mimi nimefungwa!"

Watu walicheka upya. Mimi nilicheka na machozi yakatoka, na safari hii sikwenda nyuma ya nyumba yoyote. Mhazini akaomba aione spoku, akaikagua kichwa, akasema kweli, fundi wa kazi ile ni mmoja tu. Ndiyo hukumu iliyotolewa.

Mwalimu akanitaka nimweleze marehemu alivyochoma. Nikamweleza majivu ya maganda ya ndizi, siku tatu, pipa, udongo, kitundu. Nilipofika kwenye vikombe vya maji nikasita, nikasema pia kwamba nilimgombeza kwa hilo, kila mara, tangu siku ya kwanza.

"Ndiyo kazi yenyewe, baba," mwalimu akasema. "Mvuke ukikutana na mkaa mwekundu unaula kidogo kidogo kwa ndani. Unachimba vyumba. Viwandani wanafanya hivyo hivyo kwa mashine. Nani alimfundisha?"

"Hakuna," nikasema.

Akafungua daftari. Kwenye MAGUNZI akapiga mstari, akaandika MITI. Kwenye MITI akapiga mstari, akaandika MAGUNZI, na pembeni akaandika sababu kwa maneno mengi kiasi. Binamu akaomba kuona kilichoandikwa kuhusu yeye. Mwalimu akakataa. Akachota sampuli nyingine kutoka kwenye kiroba, yeye mwenyewe, akaibana, akaiweka begini, akasema atapima upya na safari hii begi halitagusana na mtani. Mhazini akasema kamati itangoja. Binamu alihukumiwa kuleta pipa lake na kukusanya magunzi ya kitongoji kizima, ili tuchome pamoja kama marehemu alivyokuwa akichoma. Akauliza kama hukumu hiyo inaweza kukombolewa kwa jogoo. Akaambiwa hapana. Jogoo mwenyewe, alisema, alishamdonoa mke wake na alikuwa anatafuta pa kumrudisha.

Nilirudi nyumbani na spoku. Lakini sikulala vizuri, kwa sababu ya lile nililolisema asubuhi. Mwenyekiti na wajumbe wanne walikuwa wameondoka nalo: kwamba mke wangu alikosea, na kwamba mumewe ndiye aliyesema. Maneno ya mdomo wangu yalikuwa yanalala katika nyumba tano, na yalikuwa si kweli.

Kesho yake nikatoka asubuhi na baiskeli. Nyumba ya kwanza nilimkuta mjumbe anakamua ng'ombe. Nikamwambia, "Jana nilisema mke wangu alikosea. Hakukosea. Vifuko vilibadilishwa. Mkaa wa uwanja ni wake." Akasema amesikia tayari, habari ilifika kabla ya giza. Nikamwambia najua, lakini alikuwa hajaisikia kwangu. Nyumba ya pili walinipa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikanywa bilauri moja, nikasema hayo hayo. Ya tatu mjumbe alikuwa shamba, nikamfuata shambani. Ya nne aliniambia kwamba siku ile ya kopo alicheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka. Hilo nililibeba kwa mwendo mrefu, nikisukuma baiskeli kilimani.

Mwenyekiti nilimkuta juu ya paa. Upepo wa usiku ulikuwa umeng'oa bati la jiko na alikuwa amelala kifudifudi akiligongelea. Nikamsalimu kutoka chini.

"Mwenyekiti! Jana nilisema mke wangu alikosea!"

"Unasemaje?"

"Nasema hakukosea! Alisema kweli! Mimi na wewe tulimcheka bure!"

Nyundo ikatulia. Alinitazama kutoka juu, masikio yametoka nje ya kofia.

"Haya," akasema. "Nimesikia. Nirushie hiyo misumari."

Misumari ilikuwa kwenye bakuli karibu na mguu wangu. Nikamrushia miwili, mmoja akaudaka.